Maji Mafu ya Betio: Jinsi Kisiwa Kinavyotekwa, na Jinsi Kinavyorukwa

Mabibi na mabwana, wanafunzi wa historia, na nyinyi jamaa wa pwani mliokuja baada ya kusikia kwamba leo kuna habari za mwamba na maji: karibuni.

Nitaanza na kipimo kimoja, mita 1.2. Mashua ya kushushia askari ya Marekani, ile LCVP ya mbao yenye mlango wa kulala mbele, ilihitaji kina hicho cha maji ili ipite juu ya mwamba ikiwa na watu 36 na silaha zao. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1943, katika Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walipokwenda kuwapokonya Wajapani kisiwa cha Betio katika atoli ya Tarawa (atoli ni duara la mwamba na visiwa lenye maji katikati), huko Bahari ya Pasifiki, maji juu ya mwamba hayakufika mita moja, na sehemu nyingine mwamba ulikuwa karibu kuwa mkavu. Palipungua shibiri moja au mbili tu. Kwa shibiri hizo, mamia ya watu walifia majini kabla hawajakanyaga mchanga.

Mtu aliyekulia Mafia au Lamu hahitaji kuelezwa sana. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake, siku za robo ya mwezi, ni maji mafu, bahari inapanda kidogo na kushuka kidogo. Tarehe 20 Novemba 1943 mwezi ulikuwa robo ya mwisho, yaani siku ya ishirini na mbili au hapo karibu kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Mvuvi yeyote angesema maji yamekufa. Lakini kulikuwa na jambo la pili lisilojulikana sana wakati ule: mwezi wenyewe ulikuwa mbali na dunia kuliko kawaida, nguvu yake ya kuvuta maji imepungua. Mwaka 1987 mwanafizikia Mmarekani Donald Olson aliipiga upya hesabu hiyo na kuonyesha kwamba mambo hayo mawili yaliangukia karibu siku moja. Maji yakafa mara mbili.

Je, hawakuonywa? Walionywa. Meja Frank Holland wa New Zealand, aliyekuwa ameishi visiwa vya Gilbert, ambamo Tarawa imo, kwa miaka mingi, aliwaambia wapangaji kwamba siku hiyo hawatapata hata futi tatu za maji. Wengine waliovijua visiwa hivyo walitumaini futi tano. Meja Jenerali Julian Smith, mkuu wa Divisheni ya 2 ya Marine (askari wa Marekani wa kutua kutoka baharini), aliwaambia watu wake kwamba huenda mashua zikapita na huenda zisipite. Wakaenda hivyo hivyo, kwa sababu ratiba ya kuteka visiwa vya Marshall ilikuwa inawasubiri nyuma yake, na kungoja mwezi ugeuke kungechelewesha kila kitu. Kwangu mimi uamuzi huo haukuwa upumbavu. Ulikuwa kamari, na waliocheza kamari ile walikuwa wamejiwekea akiba, nayo ndiyo iliyowaokoa.

Akiba hiyo yalikuwa magari ya minyororo yaendayo majini na nchi kavu, LVT, ambayo askari waliyaita amtraki. Yalitengenezwa kwa kubeba mizigo kutoka melini. Yakifika kwenye mwamba yanaupanda, yakitoka upande wa pili yanaelea tena. Divisheni ilikuwa nayo 125. Yalitosha mawimbi matatu ya kwanza, yaani makundi ya askari yanayotua moja baada ya jingine. Kuanzia wimbi la nne watu walipanda mashua za kawaida. Basi angalieni kilichotokea. Wimbi la kwanza lilifika ufukweni kama saa 3:10 asubuhi, hasara yake ikiwa si kubwa. Mawimbi ya nyuma yakagota mwambani. Milango ikafunguliwa, na watu wakashuka kutembea ndani ya maji mita 500 na zaidi, bunduki juu ya kichwa, huku bombomu za Wajapani zikipigwa kutoka mbele na ubavuni. Jua lilipozama, watu wapatao 5,000 walikuwa wametua, na 1,500 kati yao walikuwa wameuawa au kujeruhiwa.

Betio yenyewe ni kitu kidogo cha kushangaza. Urefu wake ni kilomita tatu na kidogo, upana wake mahali panapozidi haufiki mita 800, na hakuna kilima hata kimoja. Sehemu ya juu kabisa ni kama mita tatu kutoka usawa wa bahari. Ndani yake kulikuwa na uwanja wa ndege, na ndio uliotakiwa. Mkuu wa Wajapani, Admirali Keiji Shibazaki, alikuwa na watu wapatao 4,800, lakini askari wa kupigana kweli hawakuzidi 2,600 au karibu yake; waliobaki walikuwa vibarua, wengi wao Wakorea.

Manowari ziliupiga mji huo wa mchanga kwa karibu saa tatu, maelfu ya tani za makombora. Kwa nini watu walibaki hai ndani? Kwanza, mahandaki yalijengwa kwa vigogo vya minazi. Mnazi, kama mjuavyo, haupasuki kama mti mgumu. Nyuzi zake zinameza pigo. Juu ya vigogo wakamwaga mchanga, kwingine saruji. Pili, mizinga ya manowari hupiga kwa mstari ulionyooka. Kisiwa kikiwa bapa, kombora linagusa mchanga, linaruka na kwenda kulipukia baharini upande wa pili. Ili kuvunja paa la handaki, kombora lazima lianguke kutoka juu, na lazima mpigaji awe analenga handaki fulani, asiwe anapiga eneo tu. Moshi na vumbi vilifunika kila kitu, wapigaji wakawa hawaoni walichokwisha kuvunja na ambacho bado. Tatu, mizinga ilinyamaza mapema. Amtraki zilikuwa zinakwenda polepole kuliko ilivyopangwa kwa sababu ya upepo na mkondo, na saa ya kutua ikasogezwa mara mbili, lakini mizinga ikanyamaza amtraki zikiwa bado njiani. Katika dakika hizo za utulivu Wajapani walitoka mafichoni na kuhamisha watu kutoka upande wa bahari kuu, walikotarajia kushambuliwa, kuja upande wa ndani ya atoli.

Mawasiliano nayo yalikufa. Manowari Maryland, iliyokuwa makao makuu, kila ilipofyatua mizinga yake mikubwa iliziharibu redio zake yenyewe kwa mtikisiko. Redio za ufukweni zililowana. Kuna batalioni moja ya akiba iliyokesha usiku mzima ndani ya mashua, ikizunguka na kutapika, ikingoja amri ya kutua, kwa sababu juu hawakujua iko wapi na yenyewe haikujua inatakiwa wapi. Kanali David Shoup, aliyeongoza mapigano ufukweni akiwa na jeraha mguuni, aliamrisha vita kwa wajumbe wa miguu na redio zilizokuwa zikifanya kazi na kuacha.

Haki ielezwe pande zote mbili: upande wa Shibazaki hali ilikuwa mbaya zaidi. Nyaya zake za simu zilikuwa juu ya ardhi, na makombora yakazikata. Yeye mwenyewe aliuawa siku ya kwanza. Usiku ule, Wamarekani wakiwa wamebanwa kwenye vipande vya ufukwe nyuma ya ukuta wa magogo, lingekuja shambulio moja la pamoja lingewasukumia majini. Halikuja. Hakukuwa na wa kuliamuru wala waya wa kulipitishia. Kesho yake mchana maji yalianza kujaa, mashua zikavuka mwamba, vifaru na mizinga midogo ikapita. Mapigano yalichukua saa 76. Wamarekani walipoteza watu wapatao 1,000 waliouawa na zaidi ya 2,000 waliojeruhiwa. Askari wa Kijapani waliokamatwa hai walikuwa 17, pamoja na vibarua Wakorea 129.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana kutua ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni shehena, na hapo wanahistoria wengi hupita mbio kwa sababu haina bendera wala tarumbeta.

Juni na Julai 1942, Divisheni ya 1 ya Marine ilifika Wellington, New Zealand, meli zake zikiwa zimepakiwa kwa mtindo wa biashara: kila nafasi imejazwa ili isipotee bure, unga juu ya risasi, mahema chini ya mapipa. Kwa safari ya amani ni sawa. Kwa kutua vitani ni balaa, kwa sababu utakachokihitaji kwanza lazima kipakiwe mwisho. Risasi, maji, dawa na chakula cha siku chache vinakaa juu kabisa, karibu na mlango wa ngama, na kila meli inabeba kidogo cha kila kitu, ili ikizama moja usipoteze dawa zote kwa mpigo. Basi ilibidi meli zishushwe zote gatini na kupakiwa upya. Askari wenyewe walifanya kazi ya ukuli, kwa zamu, usiku na mchana, mvua ya kipupwe ikiwanyeshea. Vyakula vilikuwa kwenye maboksi ya karatasi. Maboksi yakalowa, yakapasuka, gati likawa uji wa karatasi na nafaka, watu wanakanyaga. Akiba ya siku 90 ikapunguzwa kuwa ya siku 60.

Tarehe 7 Agosti walitua Guadalcanal, katika visiwa vya Solomon, karibu bila upinzani, na ufukwe ukaziba. Mashua zilileta mizigo upesi kuliko ilivyoweza kuondolewa, kwa kuwa hawakutenga watu wa kutosha wa kubeba; wengine wanaoga baharini, wengine wanachimba mahandaki, na masanduku yanarundikana mpaka maji yanapofikia. Usiku wa kuamkia tarehe 9, Wajapani walizamisha manowari nne nzito za washirika karibu na kisiwa cha Savo, na meli za shehena zikaondoka zikiwa bado zina zaidi ya nusu ya mizigo. Askari wakaishi kwa milo miwili kwa siku, mingine ni mchele wa Wajapani wenyewe. Kilichowaokoa ni uwanja wa ndege ambao Wajapani walikuwa karibu kuumaliza. Tarehe 20 Agosti ndege za kwanza za kivita zilitua hapo, na kuanzia siku hiyo bahari ya mchana ikawa ya Wamarekani.

Wajapani wakabaki na usiku. Walileta watu na chakula kwa meli za mbio, na ziliposhindwa kukaa muda wa kushusha, wakajaza mchele kwenye mapipa, wakayafunga kamba na kuyatupa majini wakitumaini watu wa nchi kavu watayavuta. Mengi yalipotea. Askari wa Japani waliokufa Guadalcanal kwa njaa, malaria na kuhara ni wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Mwezi Februari 1943 waliobaki, zaidi ya 10,000, waliondolewa kwa siri usiku.

Kuna kisa cha karibu na kwetu ambacho hakisemwi sana. Aprili 1942 manowari za Japani ziliposhambulia Ceylon (leo Sri Lanka), kikosi cha Uingereza cha Bahari ya Hindi kilihamia Kilindini, Mombasa. Hofu ikawa nyambizi za Japani kupewa nafasi Madagaska na kukata njia ya Mlango wa Msumbiji. Tarehe 5 Mei Waingereza walitua kaskazini mwa kisiwa hicho, karibu na bandari ya Diego Suarez. Mlango wa bandari uko mashariki, na mizinga ya Wafaransa, waliotawala kisiwa hicho chini ya serikali ya Vichy iliyoshirikiana na Ujerumani, ililenga huko. Upande wa magharibi, ghuba ya Courrier, kulikuwa na miamba na mabomu ya majini, na watu waliamini hakuna meli itakayopita usiku. Waingereza walisafisha njia, wakaiwekea alama, wakapita usiku huo huo. Kisha wakatembea kuvuka shingo ya nchi na kuja kwa nyuma.

Wakakwama. Mbele ya Antsirane, mji wa bandari hiyo, kulikuwa na mstari wa mahandaki ya zamani ambao hawakuuthamini ipasavyo. Aliyekata fundo ni nahodha wa manowari Anthony, aliyebeba askari 50 wa Marine, akaingia moja kwa moja kwa mlango wa mashariki usiku, chini ya mizinga, akawashusha gatini katikati ya mji. Hamsini tu, lakini adui aliyesikia bunduki nyuma yake hakuwa na nafasi ya kuwahesabu. Septemba vita viliendelea kutoka Majunga, na hapo ndipo Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, vijana wa Keya (King's African Rifles) kutoka Tanganyika, Kenya na Nyasaland, ilipochukua barabara ya kwenda Tananarive. Upinzani mkubwa ulikuwa miti iliyokatwa na mawe yaliyorundikwa barabarani, mamia kwa mamia. Mji mkuu uliingiwa tarehe 23 Septemba. Anayetaka kujua babu zake walifanya kazi gani kule, jibu la kweli ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa shoka, kamba na mgongo.

Makosa ya Betio hayakuachwa yapotee. Likaundwa jeshi la wapiga mbizi, kazi yao kuogelea mpaka ufukweni kabla ya shambulio, kupima kina kwa kamba yenye mafundo, kuchora ramani ya mwamba na kulipua vizuizi. Kwajalein, atoli ya visiwa vya Marshall, mwisho wa Januari 1944, manowari zilisogea karibu mno na nchi kavu na kupiga handaki moja moja kwa siku kadhaa. Vivisiwa vya jirani vilitekwa kwanza ili mizinga ya nchi kavu iwekwe hapo. Waliouawa upande wa Marekani katika atoli nzima walikuwa chini ya 400, ingawa waliokuwa wakiilinda walikuwa wengi kuliko wa Betio.

Lakini ukitaka kuona kazi safi, nenda Tinian, Julai 1944. Ufukwe mzuri wa kisiwa hicho ulikuwa mbele ya mji, na Wajapani waliulinda wakijua kila mwenye akili atatua hapo. Kaskazini kulikuwa na vipenyo viwili, kimoja cha upana wa mita 55 hivi na kingine kama 145, vimebanwa na kingo za matumbawe zenye urefu wa mtu. Divisheni mbili zipite hapo? Wapiga mbizi walikwenda usiku kupima, wakarudi na jibu kwamba inawezekana. Ndipo wakaandaa. Baadhi ya amtraki zilifungwa ngazi za mbao na chuma za kuegemeza kwenye kingo, ili gari lijijengee daraja na kupanda. Mizigo haikushushwa ufukweni hata kidogo: ilipakiwa kwenye malori mapema kule Saipan, kisiwa jirani kilichokwisha kutekwa, malori yakavushwa, yakaenda moja kwa moja mpaka kwenye ghala za ndani, yakarudi. Mizinga 156 ilipangwa kusini mwa Saipan ikipiga kuvuka mlango wa bahari wa kilomita tano hivi. Na asubuhi ya tarehe 24, mashua zilijipanga mbele ya mji kama zinataka kutua, kisha zikageuza. Ulaghai huo haukuwa bure: manowari Colorado ilipigwa mara 22 na mizinga ya pwani, na watu 43 walikufa. Lakini kwenye vile vipenyo, watu zaidi ya 15,000 walitua siku hiyo, na waliouawa hapo walikuwa 15.

Wajapani nao walijifunza. Katika kisiwa cha Peleliu, Septemba 1944, Kanali Kunio Nakagawa hakumaliza nguvu zake ufukweni. Aliwaweka watu kwenye mapango ya chokaa, mapango yanayolindana, akakataza yale mashambulio ya kukimbilia bunduki kwa kelele. Mkuu wa Marine waliotua, Meja Jenerali William Rupertus, alikuwa amesema kazi itachukua siku chache. Ilichukua siku 73. Joto lilipita nyuzi 40, na maji ya kunywa yaliletwa kwenye mapipa yaliyowahi kubeba mafuta na hayakuoshwa vizuri. Mtu ana kiu, anakunywa, anatapika, anazidi kukauka. Admirali Halsey wa Marekani alikuwa ameshauri siku mbili kabla ya kutua kwamba kisiwa hicho kiachwe. Hakusikilizwa, na mimi nasema alikuwa na haki: uwanja wa Peleliu haukuongeza lolote kubwa katika kurudi Ufilipino.

Na hapo tunafika kwenye uamuzi ulio mgumu kuliko kutua, nao ni kuchagua kisiwa cha kutokwenda. Hesabu yake ni ya ndege. Chora duara kwa umbali ambao ndege zako za kivita zinaweza kwenda, kupigana na kurudi. Ndani ya duara hilo tafuta mahali penye uwanja wa ndege, au tambarare ya kuutengeneza, na penye maji ya kutia nanga, na ambapo adui ni wachache. Palipo na adui wengi, pita. Mwaka 1944 Jenerali MacArthur wa Marekani, kwenye kisiwa cha New Guinea, aliiruka Wewak na kutua Hollandia, akaliacha jeshi zima la Kijapani nyuma yake msituni. Usipofanya upelelezi unaweza kukosea upande wa pili: Agosti 1943 watu wapatao 34,000, Wamarekani na Wakanada, walitua Kiska, kisiwa cha Alaska, kaskazini kwenye baridi, na kukuta kisiwa kitupu. Wajapani zaidi ya 5,000 walikuwa wameondolewa ndani ya ukungu wiki mbili na zaidi zilizopita. Hata hivyo watu walikufa, kwa mabomu ya kutegwa na kwa kupigana wenyewe kwa wenyewe kwenye ukungu.

Mfano mkubwa wa kuruka ni Rabaul, katika kisiwa cha New Britain. Ilikuwa ngome kuu ya Japani kusini mwa Pasifiki, viwanja vya ndege vitano, bandari ya kina, watu karibu laki moja. Mpango wa mwanzo ulikuwa kuiteka. Agosti 1943 ikaamuliwa iachwe: ndege zake zikamalizwa kutoka viwanja vya Bougainville, meli zake zikazuiwa, na visiwa vilivyoizunguka vikashikwa kimoja kimoja. Jeshi lile lilibaki salama, lina silaha, lina majemadari, halina pa kwenda. Walichimba mapango ya mamia ya kilomita wakiweka humo hospitali, risasi na karakana, wakingoja siku ya kutuliwa. Mchele ulipoanza kupungua wakagawa mashamba, kila kikosi na lake, wakalima viazi vitamu. Mwezi Septemba 1945, walipopanda melini kutia sahihi ya kusalimu amri, viazi vilikuwa bado shambani.